Nyumba Yangu ni Nzima, kwa Nini Mtaa Wangu Uitwe Chakavu?

Swali: Mimi ni mkaazi wa Ng'ambo, Unguja. Nyumba yetu ilijengwa na babu kwa mawe na udongo; sisi tumeipiga plasta, tumebadilisha bati na tumechimba karo jipya. Hivi karibuni walipita vijana wenye fomu na kopo la rangi, wakaandika namba kwenye ukuta wa kila nyumba. Tunaambiwa mtaa mzima umeonekana kuwa eneo chakavu na utaendelezwa upya. Naomba kujua mji huamua vipi kwamba eneo fulani ni chakavu, na nyumba iliyo nzima huingia vipi katika hesabu hiyo. Sisi warithi ni wengi, na baadhi yetu wako Maskati na Mombasa. Tufanye nini?

Jibu: Nianze na jibu lenyewe, maana mtu aliyeandikiwa namba ukutani hana subira ya utangulizi. Uchakavu unaozungumzwa katika mipango ya miji ni uamuzi unaotolewa juu ya eneo, na nyumba moja moja huingia humo kama sehemu tu ya jumla. Nyumba yako inaweza kuwa nzima kuanzia msingi hadi paa na bado ikawa ndani ya eneo lililotangazwa kuwa chakavu, kwa sababu mpaka huchorwa kwanza, kisha kila kilichomo ndani yake hujumlishwa na kutolewa wastani. Mpaka ukisogezwa upande mmoja, wastani unapanda. Ukisogezwa upande wa pili, unashuka. Kwa hiyo swali la kumuuliza ofisa kabla ya mengine yote ni hili: mpaka umepita wapi, nani ameuchora, na ni kwa sababu gani umepita hapo na si barabara ya pili yake.

Ama ile namba ya ukutani, isikuondoshee usingizi peke yake. Namba inaweza kuwa ya anwani za makaazi, ya sensa, ya ukaguzi wa hali ya majengo, au ya uthamini wa fidia, na hatua hizi nne zimeachana mbali sana kwa uzito. Ukaguzi hukusanya taarifa tu. Uthamini maana yake ni kwamba kuna mtu ameshaamua kuwa nyumba itaondoka, na kinachotafutwa sasa ni bei. Mkaazi anayo haki ya kumuuliza sheha wake, yaani kiongozi wa serikali katika shehia yake, na kupitia kwake Baraza la Manispaa au Wizara inayohusika na ardhi, ni ipi kati ya hizo, na jibu la mdomo lisimtosheleze.

Utaratibu wenyewe, katika miji ambayo sheria yake imekomaa, hufuata mpangilio ambao mtu wa kawaida anaweza kuufuatilia. Chukua mfano wa jimbo la New Jersey nchini Marekani, ambalo sheria yake ya mwaka 1992 imeeleza hatua moja baada ya nyingine. Halmashauri ya mji hupitisha azimio la kuiagiza bodi yake ya mipango ichunguze eneo fulani, bodi huandaa ramani inayoonesha mpaka na viwanja vilivyomo pamoja na maelezo ya kwa nini uchunguzi unafanyika, wenye mali hupelekewa taarifa, husikilizwa hadharani, bodi hutoa pendekezo, na mwisho halmashauri hutangaza au hukataa kutangaza. Mpango wa nini kijengwe ni jambo jingine, lenye uamuzi wake. Tangu mwaka 2013 sheria hiyo inataka azimio la mwanzo kabisa liseme wazi kama mji utakuwa na uwezo wa kuchukua mali kwa nguvu ya sheria ndani ya eneo hilo au la, ili mwenye nyumba ajue tokea siku ya kwanza anakabiliwa na nini. Katika mwaka 2008 mahkama ya rufaa ya jimbo hilo ilikuwa imeshaamua kwamba taarifa isiyomweleza mwenye mali kuwa tangazo la uchakavu linafungua mlango wa kunyang'anywa haitoshi, na kwamba mtu aliyepewa taarifa ya namna hiyo hazuiliwi kuja kulalamika baadaye kwa sababu tu muda wa siku 45 umempita.

Sasa tuiangalie fomu ya yule kijana, kwa sababu hapo ndipo nyumba yako inapopoteza alama. Fomu nyingi za ukaguzi zina safu ya aina ya ukuta, safu ya paa, ya choo, ya maji, ya umeme, na ya njia ya kufikia nyumba. Tazama kwamba safu ya ukuta mara nyingi huuliza umejengwa kwa nini, haiulizi uko katika hali gani. Mkaguzi mzoefu hugonga plasta kwa kifundo cha kidole, akasikia sauti ya mawe na udongo nyuma yake, akainua macho darini akaona boriti za mkoko, akaandika kuwa ni jengo la vifaa visivyo vya kudumu. Nyumba yenu imepewa alama ileile ya gofu la jirani lililoanguka nusu, ingawa yenu imesimama tangu enzi za babu. Kwenye safu ya choo, karo lenu jipya huenda likaandikwa kuwa lina kasoro kwa sababu gari la kunyonya maji machafu halifiki. Kwenye safu ya njia ataandika kuwa gari la zimamoto halipiti, na kwa kweli halipiti, lakini upana wa uchochoro haukuamuliwa na babu yako. Hizo ni kasoro mbili ambazo chanzo chake ni mji kutofungua njia, na zimehesabiwa dhidi ya nyumba.

Kwangu mimi hili ni jambo zito kuliko watu wanavyolichukulia. Eneo linalofurika kila masika kwa sababu halikuwahi kupata mtaro si sawa na eneo ambalo majengo yake yamechoka. La kwanza hutibiwa kwa mtaro, kama ilivyofanyika katika sehemu kadhaa za mji wetu kupitia mradi wa huduma za miji uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. La pili ndilo linalostahili mjadala wa kubomoa. Ripoti isiyotenganisha mambo haya mawili imekosa msingi wa kitaalamu, na mkaazi anayo haki ya kusema hivyo mbele ya kikao.

Kesi iliyoijenga dhana ya kuhukumu eneo zima badala ya jengo moja ni ya Washington, mji mkuu wa Marekani, na imefanana mno na swali lako. Bunge la nchi hiyo lilipitisha mwaka 1946 sheria ya kuuendeleza upya mji huo, na mwaka 1949 ikaja sheria ya makaazi ya nchi nzima iliyotoa fedha za serikali kuu kwa miji iliyotaka kusafisha maeneo duni. Upande wa kusini-magharibi mwa Washington likachaguliwa eneo lililokuwa na wakaazi 5,012, asilimia 97.5 kati yao watu weusi. Ukaguzi ulisema asilimia 64.3 ya nyumba zilikuwa hazitengenezeki tena, asilimia 57.8 zilikuwa na vyoo vya nje, asilimia 60.3 hazikuwa na bafu, na asilimia 29.3 hazikuwa na umeme. Ndani ya mpaka huo palikuwa na duka kubwa ambalo halikuwa makaazi ya mtu na halikuwa na kasoro yoyote ya kiafya. Wenye duka wakaenda mahkamani na hoja ileile uliyoniandikia wewe: chetu ni kizima, kwa nini kihesabiwe?

Mwaka 1954 Mahkama ya Juu ya Marekani iliwakatalia, na majaji wote walikubaliana. Walisema kwamba mji una haki ya kushughulikia eneo kwa ujumla wake, kwa sababu ukibomoa vibovu na kuacha vizima vilivyotawanyika hapa na pale, mpango mpya hauwezi kukaa sawa na uchakavu utarudi. Wakasema pia kwamba afya siyo sababu pekee, na kwamba serikali inaweza kutaka mji uwe wa kupendeza kama inavyotaka uwe safi. Hoja ya kwanza ina mantiki ya kiufundi. Hakuna anayeweza kupitisha bomba kuu la maji machafu kwa kulikunja mbele ya kila nyumba nzima. Hoja ya pili ndiyo iliyoleta msiba, kwani ukishasema uzuri ni kipimo, umempa kalamu mtu mwenye macho yake mwenyewe. Eneo lile lilivunjwa, na mtaa mpya uliojengwa juu yake haukuwa na bei ambayo wengi wa wakaazi wa awali wangeweza kuimudu.

Yaliyofuata katika miaka 50 iliyokuja baadaye yalionesha kipimo kisicho na mpaka kinaweza kufika wapi. Katika mji wa Lakewood, jimbo la Ohio, mtaa wa nyumba zilizotunzwa vizuri ulitajwa kuwa chakavu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa vigezo vilivyojumuisha kukosa vyumba vitatu vya kulala, mabafu mawili, kiyoyozi cha nyumba nzima na banda la magari mawili lililoshikana na nyumba. Kwa vigezo hivyo, sehemu kubwa ya mji wenyewe ilikuwa chakavu, na wapiga kura waliukataa mradi ule mwaka 2003. Kwingineko, katika mji wa Norwood wa jimbo hilohilo, mtaa ulitangazwa kuwa unaelekea kuchakaa, yaani haujachakaa bado lakini kuna dalili. Mwaka 2006 Mahkama ya Juu ya Ohio iliifuta hatua hiyo, ikisema kwamba kigezo cha kutabiri kitakachotokea hakina ukomo na hakimpi mwenye nyumba njia ya kujua amekosea wapi. Mwaka uliofuata mahkama ya New Jersey nayo ikakataa hoja kwamba ardhi ni chakavu kwa sababu tu haijatoa faida kubwa kama ambavyo ingeweza kutoa. Ukisikia ofisa anasema mtaa wenu hautumiki kwa kiwango chake, kumbuka kwamba ardhi yoyote yenye nyumba ya chini inaweza kusemwa hivyo pindi jirani yake kukijengwa jengo la ghorofa kumi.

Kuna kigezo kimoja ambacho kinawagusa ninyi warithi moja kwa moja. Sheria kadhaa za Marekani huhesabu wingi wa wamiliki, hati zenye utata na mgawanyo wa viwanja vidogovidogo kuwa dalili za uchakavu, kwa hoja kwamba mwekezaji hawezi kununua mahali ambapo anatakiwa azungumze na watu 40 kwa nyumba moja. Fikiria kigezo hicho kikiletwa Unguja bila kufikiri. Nyumba nyingi za Ng'ambo ni mali ya mirathi ambayo haijagawanywa. Mmoja anaishi chumba cha mbele, shangazi anaishi cha nyuma, wengine wako ng'ambo ya bahari na hisa zao ziko palepale. Nyumba nyingine ni wakfu, haziuzwi wala hazirithiwi, na zinasimamiwa kwa sharti la aliyeziweka. Kwetu huo ndio utaratibu wa kawaida wa kumiliki, uliokuja na sheria ya dini na uliokuwepo kabla ya mpangaji yeyote wa miji. Ukiusoma kwa jicho la mnunuzi unaonekana ugonjwa. Nasisitiza, kwa hiyo, kwamba vigezo vitakavyotumika Zanzibar vitaje hali ya majengo, afya, maji na usalama, na umiliki wa pamoja ubaki kuwa suala la nani alipwe, usihesabiwe kuwa sababu ya kubomoa.

Fedha nazo huchora mipaka. Jimbo la California lilianza mwaka 1952 kuruhusu wakala wa uendelezaji upya kuishikilia kodi ya majengo ya eneo lililotangazwa: kodi ya mwaka wa tangazo iliwekwa kuwa msingi, na kila nyongeza iliyotokea baada ya hapo ilikwenda kwa wakala badala ya kwenda kwa skuli na huduma nyingine. Kwa utaratibu huo kila mji uliona faida ya kutangaza eneo kubwa iwezekanavyo kuwa chakavu, hata ardhi tupu isiyokuwa na jengo la kuchakaa. Sheria ya mwaka 1993 ilijaribu kuukaza ufafanuzi, ikataka eneo liwe limejengwa na lioneshe kasoro za majengo pamoja na za kiuchumi kwa wakati mmoja. Mwaka 2012 jimbo likazifunga wakala zote hizo, zipatazo 400. Sisi hatuna kodi ya namna hiyo, lakini tuna kitu kinachofanya kazi hiyohiyo, nacho ni umbali kutoka Darajani, kitovu cha biashara mjini. Mtaa ulio hatua chache kutoka Michenzani na ule ulio mbali huko Magharibi unaweza kuwa na nyumba za aina moja na vyoo vya aina moja, na ukashangaa kwa nini ni mmoja tu unaokaguliwa.

Kwa Zanzibar habari hii si ngeni, na mkaazi wa Ng'ambo anayedhani imeanza na mradi wa juzi amesahau historia ya mtaa wake. Mpango wa kwanza wa mji, alioutayarisha Mwingereza Lanchester mwaka 1923, ulirithi mgawanyo wa Mji Mkongwe upande huu na Ng'ambo upande ule wa Pwani Ndogo, ule mkono wa bahari uliokuwa kati yao, na serikali ya kikoloni iliendelea kuitazama Ng'ambo kuwa mji wa vibanda, ijapokuwa hapo ndipo wengi walipoishi na ndipo wakaazi wake walipogoma kulipa kodi ya ardhi mwaka 1928. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mtazamo ulibadilika kwa nia lakini si kwa njia. Mzee Karume alitaka mtu wa Ng'ambo akae nyumba yenye maji, umeme na choo cha ndani, na wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakaandaa mpango wa mwaka 1968 uliokusudia Ng'ambo ya zamani ipishe mji mpya wa maghorofa. Zikajengwa nyumba za Kikwajuni na Kilimani, kisha yale majumba marefu ya Michenzani ambayo watu wa mjini huyaita treni. Kilichojengwa ni sehemu ndogo ya kilichopangwa, na Ng'ambo iliyobaki ilibaki kwa sababu fedha na vifaa havikutosha. Hakuna aliyekaa wakati ule akasema mitaa hii ni ya thamani iachwe. Kwa maneno mengine, mtaa wako ulishawahi kuhukumiwa mara moja na ukanusurika.

Linganisha na Mji Mkongwe. Katika miaka ya 1980 majumba yake mengi yalikuwa yanaanguka. Kuta zilipasuka, paa zilivuja, na wapangaji wa nyumba za serikali hawakuwa na uwezo wa kuzitengeneza. Kwa kigezo chochote cha fomu ile ya ukaguzi, ulikuwa mji chakavu kuliko Ng'ambo. Hata hivyo serikali iliunda mamlaka ya kuuhifadhi mwaka 1985, mpango wa uhifadhi ukakamilika mwaka 1994, na mwaka 2000 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ubovu wa majengo haukuwa umekwisha. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba maarufu la Mji Mkongwe, iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Disemba 2020. Kuta mbovu za upande mmoja wa Barabara ya Mkapa, inayoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, zinaitwa urithi unaohitaji matengenezo, na za upande wa pili zinaitwa uchakavu unaohitaji kuondolewa. Sisemi kwamba Mji Mkongwe haukustahili, ulistahili sana. Ninachosema ni kwamba fomu haikuamua, waliamua watu, na watu wanaweza kushawishiwa kwa hoja. Ushahidi ni kwamba katika muongo uliopita idara ya mipango miji ya Zanzibar, ikishirikiana na washirika wakiwemo wa Jiji la Amsterdam, ilifanya kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, ambayo iliwauliza wakaazi wenyewe mahali gani pana maana kwao, kuanzia mabaraza na viwanja hadi misikiti na maskani, kabla ya kuchora mistari. Kama mtaa wenu umo ndani ya ramani za kazi ile, zitafuteni, kwa sababu ni vigumu kwa serikali kutangaza kuwa hakina thamani kitu ambacho yenyewe iliandika kuwa kina thamani.

Kwa upande wa sheria, fahamu kwanza kwamba ardhi si jambo la Muungano. Sheria ya mipango miji ya Tanzania Bara, ambayo watu hupenda kuinukuu kwa sababu inapatikana kwa urahisi, haitumiki hapa. Misingi yetu ni Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, ambayo katika Kifungu cha 17 inalinda mali ya mtu isichukuliwe kwa nguvu isipokuwa kwa masharti ya manufaa ya umma na fidia. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, inayosema ardhi ni ya umma chini ya mamlaka ya Rais na mtu hupewa haki ya matumizi. Na utaratibu wa mipango ya miji ambao kwa miongo mingi ulisimama juu ya sheria ya mwaka 1955 iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, sambamba na ile ya kutwaa ardhi ya mwaka 1909. Migogoro ya ardhi ina mahkama yake maalumu, Mahkama ya Ardhi. Kwa kuwa ardhi yenyewe ni ya umma, hatari ni kwamba mthamini atalipima jengo na miti tu, na thamani ya kuwa karibu na Darajani ikabaki mikononi mwa atakayejenga ghorofa. Muulizeni kwa maandishi kama thamani ya mahali imehesabiwa, na kama haikuhesabiwa, kwa sheria ipi.

Barua yenu ya kwanza, basi, iwe fupi na iombe nyaraka badala ya kulalamika. Ombeni ramani ya mpaka. Ombeni vigezo vilivyotumika na matokeo ya nyumba yenu, kwa namba ileile iliyoandikwa ukutani, ili mjue kama plasta ilihesabiwa au ilipuuzwa. Ulizeni nani mwenye mamlaka ya kutangaza na kama ameshatangaza, na kama wakaazi watasikilizwa kabla ya hapo au baada, kwani kusikilizwa baada ya uamuzi ni kuaga tu. Jambo ambalo wengi hulisahau ni ukomo wa muda: tangazo likishatoka halafu mradi ukachelewa, mtaa huanza kufa kwa sababu ya tangazo lenyewe. Hakuna anayepiga rangi nyumba atakayovunjiwa, vibali vya ujenzi havitoki, wapangaji wazuri wanahama, na baada ya miaka michache mkaguzi anarudi anakuta uchakavu aliouandika. Kwa hiyo ombeni tamko kwamba mradi usipoanza ndani ya muda fulani, eneo litarudi katika hali yake ya kawaida na vibali vitatolewa.

Ahadi ya kurudi nayo ina mfano wa karibu. Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 ziliondoshwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili nyumba za zamani zijengwe upya; eneo likakaa tupu kwa miaka, na maghorofa yakazinduliwa mwaka 2022. Wakaazi wale walipata nafasi ya kurudi, jambo ambalo ni la kusifiwa na ambalo miji mingi mikubwa imeshindwa kulifanya. Lakini miaka kumi ya kupanga chumba kwingine ni utoto mzima wa mtoto, na wazee walioondoka hawakurudi wote. Funzo kwenu ni kutaka ahadi iandikwe kwa jina la kaya, itaje ukubwa wa nyumba mtakayopewa, itaje kama mtapewa bure, kwa mkopo au kwa kodi, na iseme nani analipa kodi ya muda wa kusubiri. Orodha ya majina iliyosainiwa na kubandikwa kwenye ofisi ya sheha ina nguvu kuliko hotuba.

Msiwasahau wasio na hati. Mpangaji aliyekaa chumba cha uani kwa miaka 20, mama anayekaanga mihogo barazani, fundi cherehani aliyepangisha chumba cha mbele: hao wote hupotea katika hesabu kwa sababu mthamini hupima kuta. Kama ninyi wenye nyumba mtakwenda mbele peke yenu mtapata fidia ya jengo na mtaa utakwisha. Mkienda pamoja nao mnakuwa na hoja ya kimtaa dhidi ya uamuzi ambao, kama nilivyoeleza, ni wa kimtaa.

Ama ninyi warithi, tatizo lenu haliko kwa mpangaji miji, liko nyumbani. Siku ya malipo serikali itataka mtu mmoja mwenye mamlaka ya kupokea, na familia isiyokuwa naye fedha zake hukaa au, mbaya zaidi, hupokelewa na aliyekuwa karibu na dirisha. Thibitisheni mirathi sasa katika Mahkama ya Kadhi, hata kama babu alifariki zamani. Kama kuna sehemu ya wakfu, itengeni wazi na muiarifu Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Walio Maskati na Mombasa watume hati za uwakala zilizothibitishwa rasmi huko waliko, zikimtaja mtu mmoja na kusema anaweza kufanya nini na hawezi kufanya nini, hasa kama anaruhusiwa kusaini kukubali thamani au kupokea barua tu. Wakati hati hizo ziko njiani, pigeni picha za nyumba nje na ndani, bati jipya, karo, boriti na plasta, pamoja na ile namba ya ukutani ikionekana kwenye picha moja, na muweke risiti za vifaa pamoja nazo. Mkaguzi akirudi, msimruhusu aondoke kabla hamjaisoma fomu yake, na kama amekataa kuandika matengenezo yenu, andikeni ninyi, mkampe sheha nakala agonge muhuri wa kupokea.